Nyekundu Iliyolia Kama Dume

Haya jamani, sogeeni. Mwenye kigoda akalie, asiye na kigoda ageuze ndoo, na wewe unayetafuna muwa pale nyuma tafuna taratibu, maana hii ya leo inachekesha, ila mimi mwenyewe nikiisimuliaga hapa kifuani panabana. Msipocheka mtakuwa mmenikosea. Mkicheka sana pia mtakuwa mmenikosea. Mtapima wenyewe.

Mimi shule niliipitaga mlangoni tu, fimbo ya ng'ombe mkononi, mwalimu akaniangalia, na mimi nikamwangalia, tukaachana kwa amani. Lakini gari naijua. Ujana wangu nilikuwa utingo wa lori la pamba, Bunda hiyo yote tumeizunguka, na dereva wetu alikuwa mtu wa kusinzia. Akisinzia nashika usukani mimi. Alisinzia sana yule bwana. Naweza kusema lori nililiendesha mimi, yeye alikuwa abiria mwenye leseni.

Sasa mama watoto. Huyu ni binti wa Mugeta, na Mugeta mtoto anajua kuswaga ng'ombe kabla hajajua kujifuta pua. Alivyokuja kwangu, huku ndani Butiama, alikuta nina maksai wawili wa kulimia, mmoja wa mabaka, mmoja mweusi mwenye pembe iliyokatika. Ng'ombe wabishi. Mimi nilikuwa nawachapa mpaka bega linavimba, wao wamesimama wanaangalia mbingu kama wanasubiri ndege. Yeye akasimama nyuma ya plau, akapiga mluzi mmoja mwembamba, fiii, hata mbu angepiga kwa nguvu zaidi. Wale ng'ombe wakaondoka na plau, wakaondoka na yeye, wakalima mpaka nusu ya shamba la jirani. Toka siku hiyo kulima ikawa kazi yake, mimi nikabaki kuokota mawe.

Alikuwa mtu wa mbio. Kutembea anatembea kama kuna kitu kinamfukuza. Akishuka mwaloni Musoma kuchukua samaki wa kuuza, wale sato walikuwa wanafika kwetu bado hawajajua kama wametoka majini. Mimi nikitaka kuongea naye nilikuwa natangulia mbele ya njia, halafu naongea wakati anapita.

Siku moja bodaboda ikateleza na yeye na beseni. Dereva akaamka, akajipangusa. Sato wakatawanyika barabarani. Yeye hakuamka.

Paja lilikuwa limevunjika. Hospitali, Musoma mjini, wakamtia chuma ndani ya mfupa, chuma kabisa, nilikiona kwenye picha kimesimama kama nguzo ya umeme. Kuna dada mmoja pale wa mazoezi, mpole, ana mikono ya kukanda ugali wa kijiji kizima. Akaniita pembeni.

"Mzee wangu, mfupa usiuogope, utaunga. Mimi naogopa goti. Goti hili nisipolikunja kila wiki litashika."

"Likishika tunafanyaje?"

"Likishika limeshika."

Hayo maneno mawili mimi nimeyabeba kichwani mpaka leo. Nikilala yananiamsha.

Sasa kila wiki kutoka kwetu mpaka Musoma, unampelekaje mtu wa namna hiyo? Bodaboda haiwezekani, mguu ulikuwa umenyooka, ukimpakia unatoka pembeni kama mbao, utaangusha mbuzi wa watu njia nzima. Gari ya kukodi kila wiki tungeuza mpaka paa tukalala tunahesabu nyota. Ukoo ukakaa. Wakasema uza ng'ombe, nunua gari, gari itampeleka mpaka goti likunjike. Nikauza. Wengine walienda mnadani. Wale maksai alichukua jirani wa ng'ambo ya mto, nikasema angalau nitakuwa nawaona kwa mbali. Siku wanavushwa, mama watoto alikuwa kitandani. Akasikia kwato. Akageukia ukutani, na mimi nikaenda kukaa kwenye zizi. Zizi tupu lina upepo wake, sijui mnaujua. Unapita hata kama nje hakuna upepo.

Kwa hiyo tukaenda Bunda kuchagua. Watatu: mimi, mama watoto amelazwa kiti cha nyuma cha gari ya kukodi, na baba mdogo.

Huyu baba mdogo lazima niwaambie. Huyu ndiye jicho la ukoo. Kwetu hakuna ng'ombe anaingia zizini bila yeye kumpitisha. Tukioza binti, yeye ndiye anatumwa kwa wakwe kuchagua ng'ombe wa mahari, na wakwe wakisikia anakuja wanaanza kuficha ng'ombe wazuri mpaka chini ya vitanda. Anamshika ng'ombe mkia anakwambia bibi yake huyo ng'ombe alikuwa na tabia gani. Na hajawahi kukosea. Sasa ukoo ungenunua gari kwa ng'ombe wote wale bila yeye kuiona? Haiwezekani. Hakuna aliyewaza kwamba gari siyo ng'ombe. Hata mimi, utingo mzima, sikuwaza.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja wa kanzu, mstaarabu sana, uwanja wake umejaa magari. Kwa zile pesa zetu magari yalikuwa mawili tu. Moja jeupe, la mkia mrefu, yale ya kubebea mizigo, sura kama jokofu limelazwa. La pili jekundu, milango miwili tu, limelala chini, linang'aa mpaka unachana nywele ndani yake.

Baba mdogo akaanza na jeupe. Akalizunguka kwa nyuma, maana mbele unaweza kupigwa pembe. Akaliwekea kiganja mgongoni, akasubiri. Akasema, "Amsheni."

Likawashwa. Halikusema kitu. Likawa linanong'ona tu.

Baba mdogo akaweka sikio. "Imekufa au inapumua?"

"Inawaka, mzee wangu," muuzaji akasema. "Ndiyo uzuri wake. Haina kelele, haina ugonjwa."

"Ng'ombe mzima akiamshwa anatoa sauti," baba mdogo akamjibu. "Huyu ana homa. Na miguu mirefu hii, jembe la kwanza tu analala. Lete yule."

Likawashwa jekundu. Jamani. Lile gari lilinguruma kuku wa Bunda wakarudi kwenye mayai. Mimi nilihisi kwenye meno. Baba mdogo akarudi nyuma hatua, akatabasamu kama ameona mjukuu wa kiume. Akapita mbele yake, akapiga magoti, akaangalia chini.

"Angalia kifua. Miguu mifupi, kifua kipana, shingo nene. Mura, kijana wangu, hili ni dume. Dume la miguu mifupi halishindwi udongo."

Yule muuzaji akanivuta mkono. Nasema ukweli wake, hakunidanganya hata kidogo. "Kaka, hilo ni la lami. Ni la raha tu. Wewe unatoka ndani huko, una mgonjwa. Chukua jeupe. Mimi nafanya biashara, lakini chukua jeupe."

Na mimi nilikuwa nimeshaamua jeupe. Mungu ananiona. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo mama watoto akasema, "Nipelekeni pale."

Tukambeba. Tukamweka kwenye lile jekundu, matako kwanza, mguu baadaye, kama unaingiza ngazi dukani. Akakaa. Muuzaji akakanyaga kidogo, dume likalia. Na yeye akacheka. Jamani, toka sato watawanyike nilikuwa sijaona meno ya yule mwanamke. Nilishasahau kwamba moja la pembeni limepanda juu ya lingine. Akaweka kiganja mbele pale, akakipitisha taratibu kama anampapasa ng'ombe, akasema, "Hii inanisikia."

Lile jeupe lilifia hapo hapo. Ningesema nini? Nyie mngesema nini?

Tukarudi kwa lami kutoka Bunda, baba mdogo nyuma amekunjwa kama shati, magoti masikioni. Tulivyoacha nyumba nyuma yetu, mama watoto akaniambia, "Kanyaga." Nikakanyaga. Nawaambia hivi, kivuli chetu kilibaki Balili, kikaja kutukuta kesho yake. Mashamba ya pamba yakawa mstari mmoja mweupe. Alitoa mkono dirishani, kitambaa kikaruka, hatukusimama kukichukua. Alikuwa anapiga mluzi, ule ule wa maksai, anaupigia gari, na mimi nakanyaga, na baba mdogo nyuma anasema si niliwaambia, si niliwaambia. Tulivyopunguza Kiabakari akafuta macho, akasema, "Leo nimekimbia."

Nikajisemea, hata kama gari hii itanila, imeshalipa.

Ilinila.

Unajua kwetu unaacha lami unashuka. Pale pale tunaposhuka, jiwe la kwanza, tukasikia chini krrr, kama mtu anafungua sufuria kwa meno. Bomba la moshi likabaki pale. Baba mdogo akashuka akaliokota, akalibeba begani mpaka nyumbani kama mtu aliyetoka kuwinda. Wiki ya kwanza tulichelewa mazoezi. Ya pili tulifika, dada akalikunja goti, mama watoto akauma kitambaa, nikatoka nje. Likakunjika kidogo. Ya tatu dume likazima kabla hata ya kufika lami, na huko kuzima lilikuwa haliombi ruhusa. Linanguruma vizuri, unasema leo mambo safi, halafu kimya. Unabaki unasikia njiwa.

Nikalipeleka kwa fundi, Iringo pale Musoma mjini. Akaingia chini yake akakaa huko mpaka nikadhani ameoa huko. Akatoka anajifuta mafuta.

"Mzee, gari haina shida."

"Sasa?"

"Shida ni kwenu. Ingekuwa mnaishi hapa kwenye lami, gari hii ingewazika. Kifaa chake kimoja mpaka kiagizwe Dar. Na kikija, ukishuka nacho kule, kitaagizwa kingine."

Sasa nihamishe kijiji?

Siku moja tumekufa pembeni ya barabara, tumefungua boneti, ndiyo ile unafungua uonekane unajua. Kikapita kitu cheupe. Ni lile lile. Lilinunuliwa na mwalimu mmoja wa Nyegina. Juu kitanda, ndani magunia, kuku, fremu ya mlango, na bibi kizee mmoja katikati anakula ndizi. Halikulia hata kidogo. Lilipita kama mwizi. Mama watoto akaligeukia mpaka likapotea. Halafu akaangalia goti lake. Mimi nikaendelea kuangalia ndani ya boneti, sikuona chochote, maana macho yalikuwa yamejaa maji.

Alikuwa ameacha kucheka tena. Aliacha hata kunilaumu, na hiyo ndiyo iliniua zaidi. Mwanamke akikutukana bado mko wawili. Nilikuwa najaribu vichekesho vyangu vyote, vile vya bure na vile vya harusini, anasema "mm" tu. Usiku namsikia anajaribu kulikunja mwenyewe kwa mikono miwili, anashika pumzi. Mimi najifanya nakoroma. Nimekoroma uongo mpaka koo likauma. Nilikuwaga mtu wa kuamini kesho ni nzuri kuliko leo, nilizaliwa hivyo. Siku zile nikawa naamka naangalia zizi tupu upande huu na gari upande huu, nasema hivi viwili vimebadilishana, na hakuna kimoja kinachoweza kumbeba mke wangu.

Ndipo yule dada wa mazoezi akapiga simu. Akasema wamekuja madaktari wageni wa mifupa, wamekaa siku chache, leo ya mwisho. Wanamlaza mtu kwa dawa, wanalikunja goti kwa nguvu yeye hajui, anaamka limefunguka. "Mzee, mimi peke yangu siwezi tena, nimechelewa naye. Hii ndiyo iliyobaki. Mlete kabla ya mchana."

Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha kama inalipwa. Wenye magari ya kukodi niliwapigia, kila mmoja ananiambia kule kwenu leo hatushuki, bonde limejaa. Nikaenda kwa jekundu. Nikaliambia, nikaliambia kweli kwa mdomo, leo tu, ndugu yangu. Nikawasha. Likalia. Lililia vizuri kuliko siku zote, baba mdogo akatoka nje na kikombe cha uji kusikiliza. Tukampakia mama watoto, amejifunga kitenge kipya. Tukaondoka.

Bondeni likakaa. Halikuzama sana, lilikaa tu kwenye tope kwa tumbo, miguu mifupi ile ikawa inapiga hewa. Likanguruma, likatema moshi, likazima. Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena, likasema tki.

Simu ikaita. "Mmefika wapi?"

"Tunakaribia, dada."

Nikachimba kwa mikono. Nikaweka majani, mawe, koti langu. Nikasukuma mpaka nikaona vitu vya rangi.

"Mzee, wameshavaa, wanakuulizia."

"Tunakaribia."

Mama watoto alikuwa amekaa pale chini, tope liko sawa na dirisha lake, ananitazama. Akasema, "Baba watoto, mwambie ukweli dada wa watu." Nikashindwa kumwambia. Nilisema tena tunakaribia. Mvua ikaanza upya. Halafu simu ya mwisho, sauti ya yule dada ilikuwa ndogo.

"Wameondoka, mzee wangu."

"Watarudi lini?"

"Hatujaambiwa. Na goti lake halisubiri."

Nikaweka simu mfukoni. Yeye akaweka mikono miwili juu ya goti, akalipapasa, kama unavyompapasa mtoto aliyelala, basi. Lile goti mpaka leo limenyooka kama mpini wa jembe. Anatembelea fimbo. Mtu wa mbio.

Jioni jirani wa ng'ambo ya mto akatuona. Akaja na maksai. Wa mabaka na mweusi wa pembe iliyokatika. Sikuweza kuwaangalia machoni, wale ng'ombe. Tukafunga mnyororo wa plau kwenye dume la baba mdogo. Jirani akawachapa. Wamesimama. Akawachapa tena, wanaangalia mbingu.

"Toka nimewachukua wako hivi," jirani akalalamika. "Ulinipa mawe."

Mama watoto akagonga mlango kwa ndani. "Nihamishieni kwenye usukani."

Nikamwambia, "Mguu wako hautafika kwenye pedali."

"Pedali za nini? Kwani inawaka?"

Tukambeba, tukamzungusha upande wa dereva, kiti nyuma kabisa, mguu umenyooka pale chini. Akashika usukani kwa mikono miwili. Akatoa kichwa dirishani kwenye mvua. Akapiga mluzi, fiii.

Wale ng'ombe masikio yakasimama. Wa mabaka akageuza kichwa kumtafuta. Halafu wakainamisha shingo, wakavuta, na lile tope likaachia kwa sauti kama busu la shangazi. Wakapanda mlima. Yeye anakata kona, anapiga mluzi, anawasifu kwa kilugha cha kwao, jirani anakimbia pembeni na fimbo haina kazi. Mimi nilikuwa nyuma nasukuma. Nilikuwa nasukuma gari isiyohitaji kusukumwa, nimeinamisha kichwa kwenye buti, ili watu wasione uso wangu ukoje.

Watu wakatoka majumbani wakasimama kwenye mvua. Hakuna aliyecheka. Walijua tulikuwa tunaenda wapi, na walijua saa ile tulitakiwa tuwe hatujarudi.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwetu, bado na kikombe chake. Macho yake jioni hayaoni mbali. Aliona wekundu tu unakuja, taratibu, bila sauti. Akatega sikio. Akakunja uso.

"Mbona leo hailii?" akauliza. "Inaumwa?"

Na mama watoto, ambaye alikuwa hajatia neno la utani toka lile jeupe litupite barabarani, akatoa kichwa dirishani, maji yanamtiririka usoni, akamjibu:

"Leo ndiyo imepona, baba. Imetoka bondeni mpaka hapa haijazima hata mara moja."